Picha Niliyoililia kwa Tarumbeta

Chekeni mtakavyo, ila nisikilizeni kwanza. Jumapili ile hapa Kamina, mchoraji Ilunga alitundika picha zake ukumbini, akaiomba bendi yetu ya jazi itazame kila picha na kuipigia papo hapo, bila mazoezi. Zamu yangu iliangukia picha ya mama aliyelala mkekani, macho ameyafumba, mikono kifuani. Nikajua ni marehemu. Tarumbeta yangu ikalia kilio cha matanga hata wanaume wakavua kofia, na mimi mwenyewe nikatokwa na machozi. Bado najisifu moyoni, mama mmoja akainuka mstari wa mbele, mikono kiunoni, akaionyesha picha kwa kidole, kisha akajigonga kifua.

“Tata, ule muntu njo minyi! Nilichoka na kulima, nikalala tu. Weye unanizika muzima?”