Hamna-Mtu wa Azaiba

Winifrida wa Rombo hakuja Maskati kunyamazishwa, ila pale mtaani Azaiba walikuwa bado hawajalijua hilo. Mwaka wa tatu huu anamtunza Bi Masouda, mwalimu mstaafu mwenye magoti mabovu na ulimi mzima kabisa. Shoga yake Aika, anayefanya kazi mtaa wa Darsait, kila siku alimwonya: "Funga mdomo, mwenzangu. Mkataba wako unaisha, na anayetia saini ni Khattab." Huyo Khattab ndiye mwana wa Bi Masouda.

Alasiri hiyo Winifrida alikuwa anapiga pasi. Bi Masouda, kwenye kochi, alikuwa anasoma kitabu cha Kiarabu cha mjukuu wake, visa vya kale vya mabaharia wa Kiyunani, akivigeuza Kiswahili papo hapo. Wee! Bahari gani hiyo? Huku dude la vichwa sita linanyakua watu chomboni, kule maji yanazunguka na kumeza merikebu nzima, na wanawake wanakuimbia mwambani ili ufe. Kisha pango la jitu lenye jicho moja, linalokula watu wabichi. Nahodha akalidanganya kwamba anaitwa Hamna-Mtu, halafu akalitoboa jicho. Likapiga mayowe, majirani wakauliza, "Nani anakuumiza?"

"Hamna-Mtu ananiumiza!" Bi Masouda akaliigiza kwa sauti nene. Majirani wakarudi zao kulala. Winifrida alicheka hadi machozi.

Hapo simu ya Bi Masouda ikalia, akaipokea kwa spika. Ni Khattab.

"Uko na nani, mama?"

"Nnasoma kitabu. Hamna mtu, yupo khaddama tu."

Kicheko kikamkauka Winifrida. Khaddama tu, mtumishi! Kumwogesha, kumkanda magoti, kumlisha uji akiugua, na bado hamna mtu?

Bi Masouda hakuona kitu, akaendelea. Merikebu ilipojitenga na pwani, nahodha alisimama akalipigia jitu kelele, akalitajia jina lake la kweli. Jitu likamrushia majabali, likamwapiza achelewe kufika kwao.

"Mpumbavu huyu," akasema Bi Masouda. "Angenyamaza angefika kwao zamani."

"Angefika nani, bibi? Hamna-Mtu?" Winifrida akaisimamisha pasi. "Mimi nimesimama hapa, nawe umemwambia mwanao hamna mtu."

"Aa, ndivyo tusemavyo! Neno tu hilo."

"Basi mimi silitaki. Naomba simu."

"Una wazimu? Na mkataba wako?"

"Naomba tu, bibi."

Akapiga, akaiweka kwenye spika. "Kaka Khattab, ni Winifrida."

"Winifrida ndiye nani?"

Jamani! Na biriani ya huyo Winifrida kila Ijumaa anaila mpaka anaomba ya kubeba.

"Ndiye anayeishi na mama yako. Umeuliza yuko na nani. Yuko na mimi."

Khattab akajibu: "Kesho nakuja. Tutaongea habari za huo mkataba."

"Karibu. Utanikuta."

Akarudisha simu.

"Umejiponza mwenyewe," akasema Bi Masouda. "Hukuogopa?"

"Nimeogopa sana, bibi. Nimesema hivyo hivyo."

Bibi akaivuta miguu yake taratibu kupisha nafasi. "Zima pasi hiyo, Winifrida. Njoo ukae."

Akaja akakaa kochini, pale wanapokaa wageni, akaegemea mto kabisa.