Taa Nyekundu ya Bwana Popat

Kabla ya kuwa fundi wa magari Kibiti, Bushiri alikuwa mpishi. Kwa miaka sita aliwapikia wazungu wa barabara kambini kwao Umwe, na kwa kuwa wazungu wale mezani hawakuwa na mazungumzo ila ya injini, aliondoka pale akijua magari kuliko mapishi. Wenyewe walikuwa wa kwanza kulisema hilo, hasa siku za mchuzi.

Mwaka wa arobaini na tisa alirudi Kibiti, akafunga turubai nyuma ya nyumba, akajiita fundi. Gari la kwanza alilofungua lilikuwa la mzungu mmoja mnunuzi wa pamba. Alipomaliza kulifunga, vipande vitatu vilibaki chini. Bushiri akavitia mfukoni, akamwambia mwenyewe, "Nimekupunguzia uzito, bwana." Gari lilifika Bungu, likalala huko mwezi mzima. Tangu siku hiyo mji mzima ulimwita Fundi Bakaa. Hata mkewe Zabibu, Mmatumbi asiyejua kumeza neno, alimwita hivyo hivyo.

Miaka miwili baadaye, Jumanne moja kabla ya adhuhuri, likaingia gari la Bwana Popat, mwenye duka la nguo Mohoro. Alikuwa na mkewe Hansaben na madebe mawili ya ladu, vile vitamu vya Kihindi vya mviringo, wanakwenda harusini Dar es Salaam.

"Gari ni zima, Fundi," Popat alisema hata kabla hajashuka. "Kuna taa ndogo tu inawaka. Nimetia betri mpya, bado inawaka. Taa yenyewe ndiyo mbovu."

Bushiri akachungulia. Juu ya taa nyekundu ya betri, mbele ya usukani, Popat alikuwa amebandika stempu ya posta, na kwa ule mwanga wa nyuma yake, Mfalme Joji alikuwa ameiva mashavu kama mtu aliyeshinda akinywa tembo.

"Nani kambandika Mfalme hapa?"

"Mimi. Nilikuwa sitaki kuiona ile taa."

"Basi sasa unamwona yeye, tena amelewa."

Hansaben akajiziba mdomo kwa upindo wa sari. Popat hakucheka.

"Sikiliza, Bwana Popat," Bushiri akasema. "Betri ni mtungi. Dainamo ndiyo inayokwenda mtoni kuteka maji. Taa hii inakwambia mtoni hakuna aliyekwenda. Weye ukaenda kununua mtungi mpya! Ilianza lini?"

"Jana," akasema Popat.

"Uongo," akasema Hansaben. "Juma lililopita, tulipokwenda Nyamwage. Kwenye mashimo ilipepesa, njia ikinyooka inazimika. Leo, tangu tuvuke pantoni, haijazimika hata mara moja."

"Hansaben, mwache fundi afanye kazi."

"Nami namsaidia."

Bushiri aliyasikia maneno yale, ila kiburi cha fundi hakitaki msaada wa abiria. Akabonyeza mkanda wa feni kwa dole gumba; umekaza. Akakaza nyaya moja moja. Mfalme akazidi kuwa mwekundu. Wanaume wawili watatu wakaja kuegemea ua kwa furaha ya watu wanaongoja aibu ya mwenzao. Jasho likamtiririka Bushiri mpaka kiunoni.

"Fundi Bakaa weye!" Zabibu aliita toka jikoni. "Mama kakwambia mashimoni. Kitu cha kupepesa mashimoni si kimelegea ndani? Unakaza nini huko nje?"

Hapo Bushiri akaacha kukaza. Alichomoa nyaya za dainamo, akaunganisha vichwa vyake viwili kwa waya mmoja, akaupeleka kwenye balbu aliyoigusisha na bati la gari, akamwambia Popat awashe injini. Balbu ikabaki nyeusi ti. Mgonjwa alikuwa dainamo.

Alipoifungua, aliona kaboni moja, kile kijiti cha makaa kinachosugua shaba ili umeme utoke, imelika mpaka imebaki kama ukucha. Springi haikuifikia tena. Gari likirukaruka, nayo ilirukaruka. Sasa ilikuwa haigusi kabisa.

"Mpya iko wapi?" Popat akauliza.

"Dar es Salaam. Lakini kwa maji yaliyobaki mtungini, utalala porini na ladu zako."

Kisha macho yake yakaiangukia tochi ya mkewe, ikining'inia mlangoni. Ndani ya betri za tochi mna vijiti vya makaa.

"Usithubutu," akasema Zabibu.

Hansaben hakubishana. Alifungua debe, akatoa ladu tatu, akaenda kuketi naye jikoni. Zabibu alikula ya kwanza akitazama pembeni. Ya pili aliila akimtazama mgeni. Kabla ya ya tatu, tochi ilikuwa imeshafika chini ya turubai.

Bushiri alizipasua betri, akatoa vijiti viwili, akavisugua kwenye jiwe la kunolea mpaka vikawa bapa, akavilaza pamoja na kuvifunga mkia wa waya wa ile kaboni ya zamani. Alipanga kila skrubu kwenye ungo. Safari hii, alipomaliza kufunga, ungo ulibaki mtupu.

Popat akawasha injini. Mfalme, mwekundu vile vile. Uani mtu akakohoa. Bushiri akautazama tena ungo.

"Kanyaga mafuta!" Hansaben akamwambia mumewe.

Popat akakanyaga. Mfalme akapauka, akapauka tena, akazimika.

"Nilisema mimi," akasema Popat, "betri nzima."

Siku ya tisa walirudi, na kaboni mpya imo kwenye pochi ya Hansaben. Alichuchumaa kando ya Bushiri, upindo wa sari ameukaza kiunoni, akauliza hiki nini na kile cha nini mpaka dainamo ikafungwa. Kisha akaenda kukaa penye usukani. Shemeji yake, alisema, alimfundisha kuendesha uani kwake juma zima.

Popat alimtazama Bushiri, kama mtu aombaye rufaa. Bushiri akajitia kufuta mikono. Basi Popat akapanda nyuma kwenye madebe matupu, na gari likaondoka kuelekea Ikwiriri, likiyumba huku na huku, yeye ameushika mlango kwa mikono miwili.