Mvuto wa Kwanza wa Kiko

Daktari aliuliza kama Godeliva amewahi kuvuta tumbaku, naye akajibu bila kupepesa macho kwamba hajawahi hata siku moja. Ntirampeba, bibi yake aliyemlea, aliinamisha kichwa. Alijua uongo ule umesemwa ili kumfichia yeye aibu.

Kwao Muramvya, kwenye milima ya Burundi, bikizee mvuta kiko haendi mekoni kujiwashia. Mtoto ndiye huokota kaa la moto, akaliweka juu ya tumbaku, akavuta mpaka ikolee, kisha akampelekea kwa mikono miwili. Ndiyo adabu, na Ntirampeba alijivunia mjukuu mwenye adabu. Godeliva alianza kazi hiyo akiwa hata meno ya utoto hayajang'oka. Akikohoa, bibi alicheka: "Vuta, wewe! Kifua gani hicho, cha kuku?" Kisha wote wawili walilala katika chumba kimoja kilichojaa moshi, mlango umefungwa kwa sababu ya baridi.

Sasa Godeliva, msusi aliyegombewa na maharusi wa mji mzima, huamka vidole vimevimba na kukakamaa, hata kitana hakishikiki. Majirani walisema ni maji baridi ya kufulia. Ntirampeba akaitikia kwa kichwa, mnafiki mkubwa, maana lawama ya maji haimgusi mtu.

"Daktari," alisema ghafla, "huyu anakudanganya. Alivuta. Nilimvutisha mimi."

"Bibi, nyamaza!"

"Nimenyamaza vya kutosha."

Daktari hakumfokea. Alieleza kwamba baridi yabisi ya aina hii ni kinga ya mwili kugeuka na kuushambulia mwili wenyewe, na haina chanzo kimoja. Wanawake huipata zaidi. Moshi wa tumbaku huichochea, hasa kwa mtu aliyeirithi katika damu.

"Kwenu kuna mtu aliyepinda vidole?"

"Dada yangu, tumbo moja," alisema Ntirampeba. "Mpaka anakufa hakuweza kushika kijiko, alilishwa maharage kama mtoto."

"Basi huenda ni damu, huenda ni moshi, huenda ni vyote. Hakuna awezaye kupima, bibi. Usijihukumu."

"Unanifariji kwa lipi, mwanangu? Damu ni yangu, moshi ni wangu."

Walipotoka nje, alimshika mjukuu wake magoti, mbele za watu, bila kujali.

"Nisamehe, mwanangu."

"Nilijua siku nyingi, bibi. Redioni walisema moshi wa tumbaku huchochea maradhi kama haya. Ningewezaje kukutaja? Ila kukusamehe, bado. Kila asubuhi kitana kikinidondoka nakuchukia kidogo, halafu nakuonea huruma. Nipe muda."

"Muda gani, na mimi ndiye huyu wa leo au kesho?"

"Basi usife kwanza," alisema Godeliva. Akampa bega ajishikilie ainuke, maana mikono yake mwenyewe ilikuwa ikimuuma.