Turubai la Oswald

Ukitaka kumjua Oswald wa Ujiji, usimtazame yeye, tazama mzigo wake. Yeye mwenyewe ni mtu wa kawaida tu, mrefu, shati kafunga vifungo mpaka cha juu kama anakwenda kupigwa picha ya kitambulisho. Lakini mzigo wake sasa! Anaendesha semi, na tela lake ni lile la wazi, sakafu tupu bila kuta. Kinachozuia mzigo usiangukie barabarani ni namna ulivyofungwa, basi. Wenzake wanafunga kamba, wanaupiga mzigo kofi, wanasema "huyu haendi popote," wanaondoka. Oswald anafunga kama anamvisha mtoto wa kwanza. Minyororo, mikanda ya kukaza, na kila mkanda unapopita kwenye kona ya mzigo anauwekea kipande cha tairi kuukuu usije ukakatika. Juu ya yote turubai la kijani, refu kama ukumbi wa harusi. Akimaliza anazunguka gari. Akizunguka lazima apate kosa. Anaanza upya.

Akitoka stesheni ya treni na simenti kwenda Kasulu, hata harufu ya dagaa haijamtoka puani, anasimama kukaza mikanda. Anasema mzigo ukitikiswa unajipanga, mikanda inalegea. Ni kweli. Lakini mbele kidogo anasimama tena. Matingo wote wamemkimbia. Wa mwisho, Erasto, aliteremka porini akasimamisha bodaboda. "Mzee, acha nitangulie, nitakupokea huko."

Na kupanda juu ya mzigo wake, sahau. Huku kwetu lori likipita na lina nafasi juu, hilo ni basi. Oswald hapandishi mtu, awe shangazi yake, awe padri. Zamani alikuwa nyuma ya lori lililobeba mbao kutoka Kalinzi, likafunga breki kwenye mteremko, mbao zikashuka pamoja na waliokalia. Hilo hasimulii. Ukimuuliza anasema, "Mzigo hauna kiti," anapandisha kioo.

Kwa hiyo anakula peke yake, analala peke yake kwenye kichwa cha gari, na simu yake ikilia ni mama yake au ni kampuni ya simu inamtangazia vifurushi.

Mama yake, Bibi Verediana, alikuwa anakaa nyumbani kwa Oswald hapa Ujiji. Mwana barabarani, mama alilelewa na mtaa. Yasmini, ambaye wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo, alimletea dagaa kila akirudi kutoka sokoni Katonga. Dismasi, fundi baiskeli wa nyumba ya pili, alimchotea maji na kumtengenezea mlango. Hakuna aliyewatuma.

Halafu mama yake Dismasi akafariki, katikati ya masika. Siku hiyo lori la Oswald lilikuwa limeegeshwa pale pale mtaani, limejaa simenti, kwa sababu ghala la Kasulu lilikuwa limefungwa kwa sikukuu. Dismasi alikuja mwenyewe.

"Oswald, ndugu yangu. Mama ametutoka."

"Pole sana, Dismasi. Pole sana."

"Naomba turubai. Mvua hiyo inakuja, unaiona."

"Liko kwenye mzigo."

"Nimeliona. Lifungue."

"Simenti ikilowa inakuwa jiwe. Ni mali ya watu."

"Na watu wakilowa?"

"Watakauka."

Alilisema kwa upole kabisa, vile anavyosema mambo yote ya mzigo. Lakini neno hilo hakuliwekea kipande cha tairi. Lilikata.

Mvua ilishuka mchana, ya kumwaga. Waombolezaji wamebanana chini ya mabati ya baraza, nusu ndani nusu nje, na pembeni yao, karibu ya kugusa, mifuko ya simenti imelala mikavu, imefunikwa vizuri kama mtoto wa tajiri. Yasmini akakamua khanga yake akasema kwa sauti, "Jamani, si bora tungezaliwa simenti?" Watu wakacheka msibani. Oswald alikuwa dirishani. Alisikia.

Baada ya hapo hakuna aliyemtukana. Afadhali wangemtukana. Akisalimia "Mwakeye" asubuhi, anaitikiwa "Ehe," mtu anaendelea na baiskeli yake. Na kwa mama yake watu wakaanza kuwa na shughuli. Dagaa wakapungua, mlango ukalegea tena. Safari moja alirudi akamkuta bibi kakaa kwenye kigoda, mtungi mkavu.

"Umefunika simenti, mwanangu," akasema, "ukaniacha mimi wazi."

"Mama, ule mzigo haukuwa wangu."

"Najua. Sasa nikifa nani atanibeba? Utanifunga kwenye tela na mikanda yako?"

Anacheka huku anasema, lakini Oswald hakucheka. Huo ndio ukawa mzigo wake kuanzia siku hiyo, na haukuwa na mahali pa kukazia. Alijaribu. Alitoka Uvinza na mfuko wa chumvi akauacha mlangoni kwa Dismasi. Jioni akaukuta mlangoni kwake. Alipomuuliza, Dismasi akajibu kwa adabu, "Chumvi tunayo, asante." Kuomba radhi kwa maneno hakujua kunaanzia wapi. Mtu wa kuzungumza na mikanda mdomo wake unakakamaa.

Simu ikalia yuko Kibondo, ameshashusha nondo, tela tupu. Jina la Yasmini. Yasmini hajampigia tangu ile mvua.

"Oswald, uko wapi?"

"Kibondo, dada."

"Rudi nyumbani. Endesha taratibu hivyo hivyo unavyoendeshaga."

Akaelewa. Njia nzima aliendesha taratibu. Na bado alisimama, akashuka, akavuta mikanda iliyoshikilia turubai lililokunjwa tu, hakuna kitu chini yake. Akasimama hapo na upepo wa barabara, mkono juu ya mkanda, mpaka basi lililotaka kupita likampigia honi.

Alichokuwa anaogopa ni kukuta uwanja mtupu. Hakuukuta mtupu. Watu walikuwepo, wa kutosha, wamekaa chini ya khanga na mifuko ya nailoni iliyoshonwashonwa. Walikuja kwa ajili ya Bibi Verediana. Yeye walimpa mkono, pole, pole, wakarudi kukaa.

Wingu lilikuwa limeshavuka kutoka upande wa Kongo. Oswald alisogeza lori mpaka ubavu wa nyumba, akakunjua turubai peke yake, upande mmoja akaufunga kwenye tela, mwingine kwenye mchikichi, mwingine kwenye nguzo ya baraza. Kila kamba ilipopita juu ya ukingo wa bati, kipande cha tairi. Watu wanamtazama tu. Akamaliza, akazunguka, akakuta fundo moja halimpendezi, akalifungua. Kuna mtu aliguna, "Hata leo!"

Mvua ikaja. Ikapiga turubai kama mawe. Chini, hata tone. Dismasi alikaa muda mrefu kaangalia juu.

"Halivuji," akasema.

"Halivuji," Oswald akajibu.

"Hata siku ile lisingevuja."

"Lisingevuja. Nisamehe, Dismasi."

Mvua ilipokatika Dismasi akavua shati, akachukua sepeto, akaenda kuchimba kaburi na wenzake. Bibi Verediana alibebwa na wanaume wa mtaa mzima, wanapokezana, na mwanawe anafuata nyuma hajui aweke wapi mikono yake.

Wakishazika watu hutawanyika. Kukunja turubai kubwa hivyo kunataka watu kila pembe. Oswald alikuwa nalo peke yake, upepo unalipandisha, analishusha. Dismasi akaja akashika pembe.

Baadaye Oswald alinunua turubai lake mwenyewe, lile la kijani likabaki la tajiri mwenye lori. Hili lake amelihifadhi chumbani kwa mama yake pamoja na gunia la vipande vya tairi, na ufunguo anao Dismasi. Linajulikana sasa kuliko mwenye nalo. Limekwenda kwenye misiba, kipaimara, maulidi. Vijana wakilifunga ovyo Dismasi anawapigia kelele, "Zunguka tena! Kona hiyo haina tairi!" Oswald mwenyewe hajawahi kukaa chini yake. Siku zote yuko njiani na mali ya watu.

Nyumba yake imefungwa, na mama wa kumpigia hayupo. Kwa hiyo anapiga yeye.

"Dismasi, turubai liko wapi?"

"Ilagala, harusini."

"Limekazwa?"

"Limekazwa."

"Na kona?"

"Kona zina tairi, Oswald. Watu wanacheza hapa, sikusikii vizuri."

"Haya."

Ngoma inaendelea kwenye simu, Dismasi kasahau kukata. Oswald anasikiliza mpaka inakatika yenyewe. Halafu anashuka, anazunguka gari, anavuta mikanda mmoja mmoja.