Salamu za Bura

Ukitaka kucheka, cheka, sitakulaumu. Lakini mimi nilikuwepo, na ni mkono wangu uliokuwa umeshika tochi ya simu. Nikudanganye ili nipate nini?

Ninauza mitumba minadani. Siku hiyo nilikuwa natoka Katesh peke yangu na pikapu yangu, narudi nyumbani Mbulu. Nilipoiacha Dongobesh, jua likizama na ukungu ukishuka barabarani, mshale wa joto ukapanda hadi kwenye nyekundu. Nikazima injini, nikafungua boneti. Mvuke mtupu! Klipu inayobana mpira wa juu wa rejeta ilikuwa imeliwa na kutu na kukatika, maji yanamwagika chini.

Nikanyoosha mkono kwenye mfuniko wa rejeta.

“Dada, usifungue. Yatakuunguza uso.”

Alikuwa mwanaume wa makamo, sweta ya kijivu, bisibisi mkononi. Alitokea wapi? Sikusikia hata hatua. Akaushika ule mpira kwa mikono mitupu, nao bado unafuka. Nikapiga kelele, “Kaka, utaungua!” Akatabasamu tu. Akakata ncha iliyopasuka kwa kisu kidogo, akaurudisha mpira mahali pake, akatoa klipu mpya mfukoni, akaikaza taratibu huku nikimmulikia.

“Ukikaza sana inakata mpira,” alisema. “Ukilegeza, maji yanakukimbia.”

Tukajaza maji kutoka kwenye dumu langu. Halikuvuja hata tone.

Nikamuuliza nimpe nini. Akasema hataki kitu. “Siku ukifika kijiji cha Daudi, muulizie Elizabeti, nyumba iliyo jirani na josho la ng'ombe. Mwambie Bura anamsalimu. Mwambie uji wake bado hauna sukari.”

Nikacheka, nikampa mkono wa kwaheri. Mkono wake ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Nikageuka kufunga boneti. Nilipotazama tena, barabara ilikuwa tupu.

Jumapili nikaenda Daudi. Nilimkuta mama wa kama miaka hamsini na kitu, anapepeta maharage uani.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu.”

Nikamfikishia salamu, na maneno ya sukari pia. Ungo ukamponyoka.

“Nani amekutuma uje kunitania?”

Bura alikuwa mume wake, dereva wa lori. Lori lilipinduka kwenye njia ile ile, miaka tisa iliyopita. Nilioneshwa kaburi nyuma ya nyumba. Na maneno yale ya uji alikuwa akimtania nayo kila asubuhi, wakiwa wawili tu, hata uji ukiwa mtamu. Sasa niambie, mimi ningeyajulia wapi?

Hakulia. Aliingia ndani, akatoka amevaa kitenge kipya na viatu vya kanisani.

“Nipeleke,” akasema.

Nilimpeleka. Tulipofika pale, akaniomba niilegeze klipu.

“Mama, maji yakiisha tutarudije?”

“Kidogo tu, mwanangu. Bura hawezi kulipita gari lililoharibika.”

Nikalegeza. Maji yakatiririka vumbini. Yeye akasimama kando ya gari, anatengeneza kilemba chake kila upepo unapovuma, mpaka ukungu ukatulowesha. Hakuja mtu. Mwishowe nikaikaza klipu mwenyewe, nikajaza maji ya dumu, naye ananiangalia kana kwamba namfungia mlango.

Huu ni mwaka wa pili. Watoto wake wananiambia mama yao alikuwa ameshapoa, analima, anacheka na majirani. Siku hizi anashinda barabarani. Akiona gari limesimama, anakwenda kuchungulia ni nani aliyeinama kwenye injini. Na kila siku ya mnada ananipigia simu: “Leo gari ni zima?” Nikimjibu ni zima, anakata simu.

Kwa hiyo nakusihi, wewe unayepita njia zetu. Ukisaidiwa na mtu usiyemjua, mshukuru kwa moyo wote. Lakini akikupa salamu, muulize kwanza anaishi wapi siku hizi. Akishindwa kukujibu, salamu hizo kaa nazo mwenyewe. Usimpelekee mtu.