Kukalia Mikono Mbele ya Tableti

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuta wanafunzi kumi na mmoja katika ukumbi wa kanisa mtaani Rhonda, mjini Nakuru, na wote walikuwa wamenizidi umri. Nilikuwa nimetoka chuoni na gauni jipya na chaki za rangi. Nikawaimbisha alfabeti na kuwapigia makofi. Msimamizi wa kituo, mama mpole aliyevaa sweta hata jua likiwaka, alingoja mpaka mwisho, kisha akanivuta kando.

"Rodah, hawa si watoto. Huyo uliyempigia makofi ni mzee wa kanisa. Ukiendelea hivi, wiki ijayo utafundisha viti."

Nilicheka. Laiti ningeyaandika maneno yale mahali, kwa sababu miaka mingi baadaye niliyasahau siku ile ile niliyoyahitaji.

Ninyi mnaoingia kazini sasa mnaitwa walimu wa elimu ya watu wazima. Sisi tuliitwa walimu wa ngumbaru, na hatukuona haya. Kazi ilikuwa na ngazi mbili: kisomo cha msingi, yaani kumtoa mtu kwenye kutia dole gumba mpaka aandike jina lake, na kisomo cha kuendeleza, yaani kumfikisha mahali ambapo anayatumia maandishi katika shughuli zake. Kiingereza kilikuwa cha ngazi ya pili, maana huku kwetu fomu, barua ya kazi na lebo ya dawa ya viazi vyote huja kwa Kiingereza. Nilianzia Rhonda, nikahamishiwa Dundori, ambako darasa lilianza ng'ombe wakishakamuliwa, kisha nikapelekwa Molo na baridi yake. Huko ndiko tableti zilikonikuta.

Afisa wetu wa Elimu ya Watu Wazima alizileta kumi na mbili ndani ya katoni. "Mwalimu, programu chagua wewe," aliniambia. "Wewe ndio unawajua."

Kichwa kilivimba. Nilichagua kwa siku moja, kwa macho yangu mwenyewe: picha safi, sauti safi, na sungura aliyeruka na kupiga makofi kila jibu lilipokuwa sahihi. Nilimpenda sana yule sungura.

Mzee Rono, mkulima wa viazi, alikuja darasani kwa sababu moja tu: kusoma maagizo kwenye mkebe wa dawa bila kumwuliza mtu. Siku ya tatu akapata jibu. Sungura akapiga makofi na kuimba, na wapakiaji waliokuwa wakijaza lori nje ya dirisha wakaangua kicheko. Mzee aliweka tableti chini polepole, akavaa kofia yake.

"Mwalimu, mimi niko na wajukuu saba," alisema. "Hii kitu yako inanipongeza kama mtoto wa nasari."

Hakurudi. Nilimfuata nyumbani mara mbili. Alinipa chai, akanipa viazi, akanisindikiza mpaka barabarani, lakini habari ya darasa hakutaka kuisikia. Niliona aibu, na hata leo nikikumbuka naiona. Nilikuwa nimechagua programu bila mwanafunzi hata mmoja kukaa mbele yake.

Tangu hapo nikajiwekea utaratibu ambao wenzangu waliucheka wakauita kukalia mikono. Programu yoyote mpya nilimpa mwanafunzi mmoja, nikakaa kando yake, nikaingiza viganja vyangu chini ya mapaja. Kama hujawahi kufundisha, hutajua ugumu wake. Mkono wa mwalimu hukimbilia kusaidia wenyewe, na ukishambonyezea mtu mara moja, hujui tena kama inayofundisha ni programu au ni wewe.

Nilipopandishwa cheo na kuletwa ofisini Nakuru, niliwekwa kwenye kamati ya kuchagua programu moja ya Kiingereza kwa vituo vyetu vyote. Mkurugenzi alikuwa mtu wa haraka, na tayari alikuwa amependa moja. Mimi nilikuwa nikimfikiria Mama Sharon, mwanafunzi wetu wa Rhonda, mjane, mlinzi wa geti katika ghala la viazi kwenye eneo la viwanda. Meneja mpya wa ghala alikuwa ametangaza kwamba kufikia mwisho wa mwezi unaofuata kila mlinzi awe anaandika kitabu cha geti kwa Kiingereza: nani ameingia, saa ngapi, kwa sababu gani. Asiyeweza angeachishwa kazi. Binti yake Sharon alikuwa kidato cha tatu, na karo ilitoka kwenye mshahara huo.

"Naomba nusu saa na mwanafunzi," nilimwambia Mkurugenzi.

"Madam Rodah, tuko na saa moja tu. Mwanafunzi atajuaje programu nzuri?"

"Hahitaji kujua. Sisi tutamtazama yeye."

Mama Sharon alikuja moja kwa moja kutoka zamu, na yunifomu na buti zake. Niliiomba kamati nzima ikalie mikono, Mkurugenzi akiwemo. Aliweka kalamu chini, kisha akakalia.

Tukaanza na ile aliyoipenda. Mama Sharon alijibu maswali kumi, akapata yote kumi, maputo yakajaa kwenye kioo. Binti wa kampuni iliyoileta akatabasamu. Nikamwuliza Mama Sharon amejifunza nini.

"Nimejua kufinya ile inawaka kijani," alisema. "Ukingoja kidogo, inakuonyesha."

Watu wakaacha kutabasamu. Programu ilikuwa imemfundisha kungoja rangi, na bila intaneti isingewaka kabisa. Mvua ya Dundori ikinyesha, mtandao huondoka na wingu la kwanza.

Ya pili haikuwa na uzuri wowote. Ilifanya kazi bila mtandao, na mwalimu aliweza kuingiza maneno ya kazi ya mwanafunzi mwenyewe. Nilikuwa nimeingiza ya geti: lori, kuingia, kutoka, mzigo, sababu. Ukikosea haikulia wala kukucheka. Ilisoma neno tena kwa sauti ya kawaida, ikangoja. Mama Sharon akakwama kwenye neno moja. Akakosea, akakosea tena. Jasho likamtoka. Nikaona bega la Mkurugenzi likicheza, mkono ukianza kuchomoka.

"Mikono, bwana Mkurugenzi," nilisema.

Akaurudisha. Tulikaa hivyo, watu wazima sita juu ya viganja vyetu, mpaka Mama Sharon akalipata. Hakuna aliyepiga makofi. Yeye mwenyewe alikuwa ameshatusahau, kidole kinatafuta neno linalofuata. Muda ulipoisha, binti wa kampuni akanyoosha mkono kuichukua tableti.

"Ngoja, siste. Usizime bado," Mama Sharon alimwambia.

Mkurugenzi akasimama akisugua viganja. "Andikeni hiyo ya pili," alisema. Nasema bila unyenyekevu wowote kwamba hakuna siku niliyotembea nimeinua kichwa kama siku ile.

Programu ile imeshapitwa, na ninyi mtaletewa nyingine zinazong'aa zaidi. Sina jina la kuwapa. Nina viganja viwili tu, na nimewaeleza mahali pa kuviweka.

Wiki moja baada ya kustaafu na kurudisha funguo za ofisi, nilikwenda kule ghalani. Nilijua Mama Sharon alibakizwa kazini, lakini sikuwa nimemwona akiandika. Nyuma yangu lori kutoka Molo lilikuwa likipiga honi.

"Boss, ngoja, kila mtu anaandikwa," alimwambia dereva bila kugeuka. Kisha akanitazama kana kwamba hanijui kabisa. "Jina, mathe?"

Nikamtajia. Akaandika. Akaangalia saa, akaandika. Kwenye safu ya mwisho kalamu ikasimama.

"Umekuja kwa nini, mwalimu?"

"Nimekuja kukuona."

Akafikiri. Honi ikalia tena. Mkono wangu wa kulia ukaanza kuinuka, na kwa kuwa hapakuwa na kiti, niliupeleka nyuma ya mgongo nikaushika kwa ule mwingine. Akaandika polepole, akanigeuzia kitabu nitie sahihi. Yalikuwa maneno matatu: To see me, yaani kuniona mimi.

Machozi yalinitoka na sikuyaficha. Mama Sharon akafunga kalamu, akauacha mlango mdogo wa wageni, na kunifungulia geti kubwa la malori.