Dawati Nililolilinda

Asubuhi ya mtihani walilipindua dawati mtoto wangu akiwa bado amelikalia. Vijana wawili, mmoja huku, mmoja kule, wakaliinua upande mmoja kama mtu anavyomwaga maji machafu ya beseni. Binti yangu akaanguka sakafuni na kalamu mkononi, rula yake ikateleza mpaka chini ya ubao. Hakulia. Alivuta sketi ifunike magoti, kisha akamtazama Prefe, mkuu wa shule, aliyekuwa amesimama mlangoni amefunga mikono mgongoni.

"Muyomba," akamwambia, yaani mjomba, "numero yangu ya ekzame niko nayo. Nilijiandikisha mbele ya bote."

"Usiniite tena muyomba," Prefe akajibu. "Bamuyomba yako beko Kasai."

Hata hapo alidanganya. Kasai mtoto wangu alikuwa na ndugu za baba yake. Wajomba wake ni watu wa huku, watu wangu mimi, na Prefe alikuwa mmoja wao.

Dawati wakalisimamisha tena, wakalipangusa kwa shati la mmoja wao, wakaliweka kwenye mstari. Msichana mwingine akaja akalikalia. Huyo simlaumu, alikuwa mtoto tu, alikaa ameinamisha kichwa. Mimi nilikuwa nje, dirishani, na kitinda mimba mgongoni. Wote tuliokuwa tunalala katika lile darasa tulikuwa tumesukumwa uwanjani na sufuria zetu na blanketi zetu. Watoto wadogo wakaanza kulia, na jandarme mmoja akaja akiwa na bunduki begani.

"Bamama, nyamazisheni batoto! Benzabo beko nafanya ekzame!"

Tukawanyamazisha. Hiyo ndiyo inayoniuma zaidi hadi leo. Nilitoa ziwa nikamnyonyesha mtoto ili watoto wa wengine waandike vizuri.

Watu wa Kolwezi wananiambia: mama, yale yaliisha, acha. Kwangu hayajaisha. Shule nilisoma mpaka darasa la tatu la msingi, naandika polepole, lakini naandika. Majina ya watu siyaweki. Vyeo vyao nitaviweka, na kila mmoja atakijua kiti chake.

Nianze nyuma kidogo. Mume wangu alizaliwa Kolwezi, baba yake aliletwa na kampani kutoka mkoa wa Kasai kuja kuchimba shaba, na kule Kasai mume wangu hakuwahi kukanyaga. Alikuwa anaendesha mashine ya kuchimbia. Mimi ni mwanamke wa mkoa huu wenyewe, wa kaskazini ya Katanga. Tulikaa Dilala, hapa hapa Kolwezi, katika nyumba ya kampani, na binti yetu mkubwa alizaliwa katika hospitali ya kampani. Akili ya shule alikuwa nayo. Alichagua chimie, yaani kemia, na biolojia, akasema atakuwa mtu wa laboratwari, wa kupima vitu maabara.

Mara ya kwanza alipofanya mtihani wa Leta, yaani wa serikali, ule wa mwisho wa sekondari, alianguka. Nani asingeanguka? Walimu hawakuwa wanalipwa, mwaka ulikuwa unakatika kama kamba mbovu. Wazazi tulibeba unga na makala, makaa ya kupikia, tukawapelekea walimu nyumbani ili wafundishe. Wa chimie alikula unga wetu, kisha akaenda Sandoa kununua mihogo ya kuuza. Siku ya mtihani maswali yakaja yote, yaliyofundishwa na yasiyofundishwa.

Prefe akatuita kwenye kikao cha wazazi. Akasema: "Batoto ya leo beko bavivu. Na bazazi habafatilie."

Mume wangu akasimama. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini siku ile alikuwa amechemka.

"Tata Prefe, mwalimu wa chimie tulimuonaka mara ya mwisho mbele ya Noeli. Mutoto atajibu nini? Atafundishwa na ubao?"

Wazazi wakacheka mpaka wengine wakapiga meza. Prefe hakucheka. Nadhani kicheko kile alikiweka mfukoni, akangoja siku yake.

Lakini Jumapili iliyofuata alikuja kula kwetu kama kawaida. Ni mtu wa kwetu, wa upande wa mama yangu, hivyo watoto walimwita muyomba. Kwetu mjomba si salamu ya mdomoni. Mtoto akipata shida, wa kwanza kuitwa ni ndugu wa mama yake, na mjomba akishasema neno mbele ya chakula, neno lile mtu anajenga nyumba juu yake. Alikula bukari yangu, ugali wa kwetu, na samaki, akanawa mikono, akamwambia binti yangu: "Rudia mwaka, mama. Mwaka kesho utaandika. Miye mwenyewe nitakuweka pa dawati ya mbele."

Mtoto akarudia mwaka mzima wa sita. Unajua kurudia ni nini kwa msichana mkubwa? Wenzake waliofaulu wamemwagiwa poda nyeupe kichwani, wamezunguka Dilala wakiimba, nguo nyeupe, nyusi nyeupe, mama zao wanacheza nyuma yao. Yeye anavaa sketi ile ile ya buluu na kukaa na wadogo wa wenzake. Nilinunua kopo la poda, nikalificha chini ya nguo zangu. Nikasema mwaka huu litafunguliwa.

Ndipo gavana akasema kwenye redio. Sote tulimsikia, asije mtu akasema hakusikia. Alisema watu wa Kasai warudi kwao. Chama chake kikatoa vijana barabarani na fimbo. "Bilulu batoke!" ndio ulikuwa wimbo wao, wadudu watoke, na wadudu ni mume wangu na watoto niliowazaa. Mkuu wa mtaa wetu, aliyekuwa akiomba chumvi kwangu, alipita mbele akiwaonyesha nyumba kwa kidole. Kampani ikafunga mdomo na kumpa mtu mwingine mashine ya mume wangu.

Mlangoni kwangu kijana mmoja aliniambia kwa heshima kabisa: "Mama, weye ni wetu, unaweza kubaki. Bwana na batoto baende."

"Batoto ya nani?"

"Ya baba, mama. Mutoto ni wa baba, unajua."

"Basi na miye niandike kati ya bilulu," nikamwambia, na nikaenda kufunga mzigo.

Gare, stesheni ya treni, ilikuwa imejaa watu mpaka nje, ndiyo maana wengine tulipelekwa kukaa shuleni kungoja treni. Na shule yenyewe ilikuwa ile ya binti yangu. Tukaangukia katika darasa lake la sita, familia nyingi, kila moja na kona yake. Ubaoni kulikuwa bado na somo la mwisho la chimie. Mtoto akaomba watu wasilifute. Watu wakamwitikia, hata wale ambao hawakujua kusoma walimlindia ubao wake.

Madawati hawakuyalinda. Mvua ilikuwa inapiga, watoto wanaharisha, makala hakuna aliyetaka kutuuzia. Watu wakaanza kupasua madawati kupika uji. Siwezi kuwahukumu, uji huo na wangu waliunywa. Lakini dawati moja, la mbele karibu na dirisha, nililizuia. Hapo ndipo binti yangu alikuwa akikaa. Nilitandika blanketi juu yake, nikalala nimejikunja kama mbuzi. Baba mmoja akaja na panga.

"Mama, ondoka, niko na bagonjwa."

"Chukua mlango. Hii ni ya ekzame."

"Ekzame gani? Tuko nafukuzwa, weye uko nangoja ekzame?"

"Muyomba yake alisema ataandika."

Akanitazama kama mtu anavyomtazama kichaa, kisha kweli akaenda kuung'oa mlango wa stoo.

Treni ya kwanza ikaja, ndugu za mume wangu wakapanda, wakatuita. Tukakataa. Mtihani ulikuwa umekaribia. Mume wangu akasema: "Acha mutoto aandike. Kule tunaenda hatuna kitu, aende na dipulome." Vagon ikaondoka na nafasi yetu. Sote wawili tulikubaliana, na mpaka leo sijutii. Anayepaswa kujuta anakaa kwenye kiti kingine. Mtoto alisoma mchana kutwa akiwa ameegemea dirisha, watu wanakohoa, wanagombania maji, yeye midomo inachezacheza.

Asubuhi ya mtihani inspekta wa mitihani alifika na bahasha zake zilizofungwa, na Prefe akaja na vijana wa chama kusafisha vyumba. Kusafisha ndilo neno alilotumia. Binti yangu alikuwa ameshanawa uso, amevaa blauzi nyeupe niliyoipasi kwa sufuria ya moto. Akakaa kwenye dawati lake.

Prefe akasema kwa sauti, ili inspekta asikie: "Benye kuchoma bitu ya Leta habawezi kufanya ekzame ya Leta."

"Hii haikuchomwa," mtoto akajibu. "Mama alilala juu yake."

Inspekta akatazama bahasha zake. Alikuwa na uwezo wa kusema neno moja, na hakulisema. Kisha vijana wakashika dawati, na nimeshaeleza.

Kwa hiyo nililinda dawati ili mtoto wa mwingine alikalie.

Tuliondoka na treni iliyofuata, katika vagon isiyo na paa. Mume wangu alianza kuumwa njiani, na tukamzika katika kijiji ambacho jina lake hakuna aliyeweza kuniambia. Huko Kasai tulisikiliza matokeo ya Katanga kwenye redio ya jirani. Nilimwambia binti yangu aende alale. Alikataa. Alisikiliza shule yake yote, jina kwa jina, mpaka redio ikaanza nyimbo. Kopo la poda lilikuwa bado mzigoni. Nikalifungua nikampaka mtoto mdogo aliyekuwa na vipele.

Alipotaka kujaribu tena huko, walimwomba ushahidi kwamba alisoma mwaka wa tano na wa sita. Tukatuma mtu Kolwezi kwa Prefe. Akajibu kwamba karatasi za shule ziliungua pamoja na madawati. Uongo mwingine. Ofisi yake ilikuwa na kufuli, hatukuwahi hata kuingia.

Nilirudi Kolwezi baada ya miaka, kwa sababu ni kwetu. Binti yangu akanifuata na mtoto wake. Leo anaosha mawe Mutoshi. Anasimama ndani ya maji tangu asubuhi, anaosha madini ya watu, vidole vimepasuka. Mtoto wake akimletea daftari la chimie, anasema macho yanamuuma.

Mwezi uliopita mjukuu huyo alianguka hisabati, akaambiwa arudie mtihani, na sisi tukaitwa kwenye kikao cha wazazi. Na nani amekaa mbele, kwenye kiti chenye mto? Prefe yule yule, mzee sasa, mgeni wa heshima. Akapewa neno. Akasema: "Bazazi ya leo habafatilie masomo ya batoto."

Nikasimama. "Miye nilifatilia, Tata Prefe. Nilifatilia mpaka nikalala juu ya dawati."

Mwenyekiti akaniambia: "Mama, kaa, turudie kwa ajenda."

Prefe akanitambua. Akatabasamu. "Dada yangu," akasema, "ile ilikuwa siasa."

Watu wakatikisa vichwa kama wanaosikia neno la busara. Siasa! Siasa ilikula samaki wangu Jumapili? Siasa ilikuwa na ufunguo wa ofisi mfukoni? Gavana alisema twende Kasai, hilo ni lake na atalijibu. Lakini gavana hakusema binti yangu aangushwe sakafuni akiwa na numero mkononi. Hilo ulilitoa wewe mwenyewe kichwani mwako, mjomba.

Basi sitaki pole, wala sitaki kikao. Binti yangu anarudi kutoka Mutoshi jioni, nyumba yetu Prefe anaijua, alipokula ni mtaa wa pili tu. Aje akae mbele yake, amtazame vile vidole, amjibu yeye, si mimi: dawati lilikuwa zima, numero alikuwa nayo, neno lako ulishalitoa mbele ya chakula. Kwa nini ulimwangusha?